Habari za Kusawazisha Simu na Vyombo Vingine

Simu-janja ni chombo kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, lakini ndani yake mna mambo mengi: majina ya watu na namba zao, nyimbo, picha na barua. Mwenye simu huenda akawa na kompyuta pia, au simu ya pili. Basi hutaka vyombo vyote viwe na mambo yale yale, ili jina aliloliandika huku alikute na kule. Kazi ya kuvipatanisha vyombo hivyo huitwa kusawazisha. Wengi huifanya kila siku pasipo kujua maana yake, na wako waliopoteza majina ya jamaa zao wote kwa dakika moja kwa sababu ya kutojua huko. Kwa hiyo yatupasa kuifahamu vema.

Mfano wa madaftari mawili

Fikirini habari za mfanyabiashara mwenye duka mjini na ghala karibu na bandari. Dukani pana daftari la majina ya wateja, na ghalani pana daftari jingine lililo sawa na lile. Mchana karani wa duka huandika na kufuta katika daftari lake, na karani wa ghala vivyo hivyo. Jioni hukutana, wakayasoma madaftari yao mstari kwa mstari. Jina lililoongezwa katika daftari moja huandikwa katika la pili, na lililofutwa katika moja hufutwa katika la pili. Wakiisha, madaftari yamekuwa sawa tena.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini ina mafumbo mawili. Fumbo la kwanza ni hili: jina la Juma limo katika daftari la duka, wala halimo katika daftari la ghala. Je, jina hili ni jipya, nalo lapasa kuandikwa ghalani? Au ni la zamani, na karani wa ghala amelifuta leo, basi lapasa kufutwa dukani pia? Kwa kuyatazama madaftari peke yake hapana awezaye kujua. Lazima makarani wawe na kumbukumbu ya jana, yaani orodha ya majina yaliyokuwamo walipokutana mara ya mwisho. Jina likiwamo katika orodha ya jana, limefutwa leo. Lisipokuwamo, ni jipya.

Fumbo la pili ni hili: makarani wote wawili wamebadili namba ya mteja mmoja, kila mmoja ameandika namba yake. Hapo hutazama ni nani aliyeandika mwisho, au humwuliza mwenye mali.

Simu na kompyuta hufanya kama makarani hao. Hukumbuka hali ilivyokuwa zilipopatana mara ya mwisho, zikalinganisha na hali ya sasa. Zikishindwa kukata shauri, huandika jina lile mara mbili, au humwuliza mwenyewe achague.

Njia za zamani na njia za sasa

Mwaka 1996 kiliuzwa katika Marekani chombo cha mkononi kilichoitwa Pilot, cha kuwekea majina na tarehe. Mwenyewe alikisimamisha juu ya kiweko kilichounganishwa na kompyuta kwa waya, akabonyeza kitufe kimoja, na vyombo viwili vikapatana.

Mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa iPod, chombo cha kusikilizia nyimbo, chenye nafasi ya gigabaiti 5. Ilisemwa kwamba chaweza kuchukua nyimbo 1000. Tufanye hesabu. Wimbo wa dakika 4, uliobanwa kwa namna iitwayo MP3, huchukua megabaiti 4 au 5. Nyimbo 1000 basi huchukua megabaiti 4000 hata 5000, yaani gigabaiti 4 au 5. Maneno yale yalikuwa ya kweli.

Lakini iPod haikuwa kama karani aliye sawa na mwenzake. Kompyuta ilikuwa bwana, nayo iPod ilikuwa mtumishi: ilipokea nyimbo za kompyuta moja tu. Ikiunganishwa na kompyuta nyingine ili kusawazishwa, mwenyewe aliulizwa kwanza kama yu radhi nyimbo zilizomo zifutwe, ziwekwe za kompyuta ile mpya. Aliyejibu ndiyo bila kusoma, nyimbo zake zilitoweka.

Siku hizi majina husawazishwa kwa njia ya intaneti, wala hapana haja ya waya. Mtu hufungua akaunti, na majina yake hutunzwa katika kompyuta kubwa za kampuni. Watu huziita wingu. Wingu hili si la mvua. Ni majumba yaliyojaa kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana. Apple ilianza wingu lake, iCloud, mwaka 2011, nazo simu nyingi za Android hutumia akaunti ya Google. Simu ikipotea, mtu hutwaa nyingine, akaingia kwa akaunti yake na neno lake la siri, na majina yote hurudi. Walakini majina yaliyoandikwa katika kadi ya laini peke yake hayakufika katika wingu. Kadi ikipotea, nayo yamepotea.

Nyimbo ni mzigo mzito kuliko majina. Wimbo mmoja huchukua nafasi ya maelfu ya majina na namba. Kwa hiyo wengi huzihamisha kwa waya, wasije wakamaliza fedha za intaneti. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, mwenyewe huchagua katika kioo cha simu neno la kuhamisha faili, kisha akanakili nyimbo azitakazo. Lakini angalieni: kunakili si kusawazisha. Ukifuta wimbo katika kompyuta, ule ulionakiliwa katika simu hubaki.

Mambo mawili ya kuangaliwa

La kwanza, kusawazisha si kuweka akiba. Karani mwaminifu hufuata hata kosa la mwenziwe. Mtoto akichezea simu ya mama yake akafuta majina yote, majina hayo hufutwa katika wingu pia, na katika kila chombo kinachosawazishwa nalo. Akaunti ya Google huyaweka katika tupio kwa muda wa siku 30, nayo yaweza kurudishwa kabla ya siku hizo kwisha. Baadaye hayapatikani tena. Mwenye busara hutoa nakala ya majina yake katika faili, akaiweka mahali pasiposawazishwa, hata kama ni kuandika namba za watu wa lazima katika karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

La pili, majina yaliyo katika simu si mali yetu sisi tu. Mtu aliyetupa namba yake ametupa amana. Ukiingia kwa akaunti yako katika simu ya kuazima, majina ya watu wako huingia humo. Ukiunganisha simu na gari la kukodi kwa Bluetooth, ukakubali gari linakili majina, huenda yakabaki humo baada ya wewe kushuka. Kwa hiyo kabla ya kurudisha au kuuza chombo cho chote, ondoa akaunti yako na ufute yaliyomo; lakini hakikisha kwanza kwamba nakala iko mahali pengine.

Maswali

1. Kwa nini makarani wawili wahitaji orodha ya jana?
2. Simu ina nafasi ya gigabaiti 2 iliyo wazi. Wimbo mmoja ukichukua megabaiti 4, zitaenea nyimbo ngapi?
3. Eleza tofauti ya kunakili na kusawazisha.
4. Mama amefuta jina la daktari katika simu yake jana, na simu husawazishwa na akaunti ya Google. Afanye nini?
5. Kwa nini namba ya mtu huitwa amana?