Elektroni, Ioni na Hatari ya Kutangulia kwa Jina

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba istilahi ya sayansi haikamiliki kabla ya dhana yake kueleweka. Mfano wetu ni ukokotoaji wa namna elektroni zinavyosisimua ioni zenye chaji kubwa.

Wakati wa kupatwa kwa jua mwaka wa 1869, wanaastronomia waliona mstari wa kijani katika mwanga wa korona, yaani gesi inayolizunguka jua. Mstari huo haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, nao ukahusishwa na elementi mpya iliyoitwa koroniamu. Elementi hiyo haikuwapo. Mapema katika miaka ya 1940, Bengt Edlén wa Uswidi alithibitisha kwamba mstari huo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 530.3, hutokana na chuma kilichopoteza elektroni 13 kati ya 26. Hali hiyo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, ilhali uso wa jua una takriban nyuzi 5,500 tu.

Ioni kama hiyo hutoaje mwanga? Njia mojawapo kuu ni hii: elektroni huru hupita karibu na ioni na kuigawia nishati, elektroni ya ioni hupanda ngazi, kisha ikishuka hutoa mwanga. Ili tukadirie joto na msongamano wa gesi kutokana na mwanga huo, sharti tujue uwezekano wa tendo hili. Kulipima katika maabara ni kazi ngumu. Kwa hiyo wanafizikia hulikokotoa.

Kwanza, hutafutwa ngazi za nishati za ioni, nadharia ya Einstein ya uhusianifu ikizingatiwa kwa kuwa elektroni zilizo karibu na kiini kizito huenda kasi mno. Pili, elektroni inayokuja huchukuliwa kuwa wimbi linalopindwa na mvuto wa ioni. Katika mbinu ya matriki-R, nafasi hugawanywa kwa tufe: ndani yake elektroni zote hushughulikiwa pamoja, nje yake elektroni ngeni hushughulikiwa peke yake. Mbinu hii hunasa jambo ambalo hesabu sahili huliacha: elektroni ngeni huweza kunaswa kwa muda mfupi, kisha ikatoroka na kuiacha ioni imesisimka. Hesabu isiyojumuisha unaswaji huo huweza kutoa jibu dogo kuliko inavyostahili.

Sasa tutazame istilahi. Katika “mgongano”, kiambishi -an- kinafaa, kwa sababu pande zote mbili hutendana. Shina -gong- ndilo linalopotosha, maana hapa hakuna kugusana kama kwa magari barabarani. Hata “eneo la mgongano” si eneo la kupimwa kwa rula, bali ni uwezekano ulioelezwa kwa kipimo cha eneo. Aidha, tutofautishe “usisimuaji”, tendo litokanalo na sisimua, na “msisimko”, hali itokanayo na sisimka. Elektroni ngeni hufanya la kwanza. Ioni hubaki katika la pili.

Kiswahili, basi, kina nyenzo za kutosha kubeba fizikia hii. Wajibu wetu sisi wanafunzi wa lugha ni kuketi na wanafizikia kwanza, tusije nasi tukaunda koroniamu zetu.