Eksesi ya Bima ya Gari: Chagua Inayolingana na Barabara Zako

Unaponunua bima kamili ya gari, ile wengi huita komprehensivu, macho huenda kwanza kwenye ada ya mwaka. Lakini kuna kiasi kingine kwenye mkataba ambacho utakihisi siku ya ajali: eksesi. Hizi ni pesa unazotoa mwenyewe kwanza katika kila dai, ndipo kampuni ilipe zinazobaki.

Tuseme fundi anataka 80,000 na eksesi yako ni 25,000. Kampuni italipa 55,000. Ukikwaruza mlango na kuutengeneza ni 18,000, gharama yote ni yako.

(Kama una thadi pati pekee, ile ya lazima kisheria, haitengenezi gari lako mwenyewe, kwa hivyo hesabu hii si yako.)

Piga hesabu hivi

Chukua gari la thamani ya shilingi milioni moja na mikataba miwili ya mfano:

- A: ada 40,000 kwa mwaka, eksesi 25,000
- B: ada 35,000 kwa mwaka, eksesi 50,000

B inakuokolea 5,000 kila mwaka, lakini ajali moja inakugharimu 25,000 zaidi. Itabidi ukae miaka mitano bila kudai ndipo faida ya B irudishe pengo hilo. Fanya hesabu hii hii kwa bei utakazopewa.

Unaendesha wapi, mara ngapi?

Mkulima anayeshusha mboga zake kutoka Mwanda kupitia Wundanyi na Mwatate hadi Voi mara tatu kwa wiki hukutana na kona kali, ukungu wa asubuhi na utelezi wa masika. Akifika chini, kuna tembo wanaovuka barabara na malori ya Nairobi–Mombasa. Miaka mitano bila dai ni mingi kwake. A inamfaa.

Mwalimu wa hapo hapo Mwanda ambaye gari lake hutoka Jumapili kwenda kanisani tu, na mwisho wa mwezi kwenda Voi, anaweza kufikiria B. Lakini kwa sharti moja: awe na hizo 50,000.

Je, pesa hizo unazo?

Eksesi usiyoweza kulipa inaweza kuacha gari gereji ingawa bima unayo. Ukiweka 500 kila wiki kwenye akiba ya simu, 25,000 itachukua wiki 50. 50,000 itachukua wiki 100, karibu miaka miwili. Kwa hivyo kama unaanza bila akiba, anza na A. Akiba ikikomaa, badilisha wakati wa kufanya upya bima.

Uliza kabla ya kulipa

- Kama eksesi ni asilimia ya thamani ya gari, kiwango cha chini kabisa ni kipi?
- Gari likiibwa, eksesi ni ngapi? Mara nyingi hupanda, hasa kama gari halina kifaa cha kulifuatilia.
- Je, dereva kijana au mwenye leseni mpya anaongezewa?
- Kuna nyongeza ya kufuta eksesi? Ni bei gani, na inahusu ajali zipi?
- Matumizi yameandikwaje? Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo huku bima inasema gari ni la binafsi, dai laweza kukataliwa lote. Hapo hata eksesi ndogo haikusaidii.

Ukiridhika, lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, si kwa nambari binafsi ya ajenti. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, kisha hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na cheti chako. Ukitaka kuanza na akiba, fungua leo na uipe jina: Eksesi.