Chujio la Petroli katika Pikipiki Kuukuu

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alilazimika kusimama Kigongo kungoja kivuko cha kumvusha Ghuba ya Mwanza hadi Busisi. Pikipiki iliyokuwa na kasoro ilipata muda wa kupoa, na dereva wake alipata nafasi ya kuchomoa mpira wa mafuta na kuupuliza. Tangu mwezi wa Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3, chombo huvuka ghuba kwa mwendo mmoja. Injini ikizimika katikati ya daraja usiku, huku malori yakija kwa nyuma, abiria na dereva wamo hatarini. Kosa lenyewe huenda likawa ni punje ya kutu isiyozidi chembe ya mchanga.

Dalili za kosa hili zajulikana na kila mwendesha bodaboda. Pikipiki huwaka vizuri asubuhi na hutembea vizuri polepole. Ikipanda mlima, au ikienda kasi kwa dakika chache, hupungukiwa nguvu, hukohoa, kisha huzimika. Ikipumzishwa kidogo huwaka tena kana kwamba haikuwa na jambo. Wengi hulaumu plagi. Lakini plagi mbovu haiponi kwa kupumzishwa kando ya barabara. Kinachotokea ni kwamba bakuli dogo la kabureta, ambalo ndilo akiba ya injini, limekauka kwa kuwa petroli inaingia pole kuliko inavyotumika. Wakati wa mapumziko bakuli hujaa upya, na safari huendelea mpaka likauke tena.

Uchafu huo hutoka wapi? Sehemu kubwa huzaliwa ndani ya tangi lenyewe. Mwendesha bodaboda anunuapo lita moja moja, tangi hushinda na kulala likiwa na nafasi kubwa tupu. Hewa ya ufuoni mwa Ziwa Viktoria ina unyevu mwingi. Usiku bati likipoa, unyevu huo huganda kuwa matone kwenye kuta za ndani, na kutu huanza hapo juu ambapo petroli haifiki. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, matone huteremka hadi chini na kukaa karibu na mdomo wa koki. Yaongezwe na mafuta ya chupa za kando ya njia, au ya dumu lililorudi kutoka mwaloni na mchanga wake.

Pikipiki za zamani hazikuachwa bila kinga. Honda CG 125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na nyingi zilizoundwa baadaye nchini China kwa kufuata muundo wake, zina wavu mwembamba kwenye koki. Baada ya miaka wavu huo hutoboka, au fundi huutupa kwa kuona kwamba unazuia mafuta. Tangu hapo hakuna kinachosimama kati ya kutu na jeti. Tundu la jeti kubwa katika injini ya ukubwa huu lina upana wa karibu milimita 1, na lile la jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa katika mwendo wa chini, halifiki nusu ya milimita. Punje ikikwama chini ya sindano ya boya, matokeo huwa kinyume: sindano haifungi, petroli humwagika juu ya injini iliyo moto, na hapo hofu ni ya moto.

Ndiyo maana inafaa kutia chujio dogo katika mpira utokao kwenye koki kwenda kwenye kabureta. Hata hivyo si kila chujio linalouzwa dukani linafaa. Pikipiki hizi hazina pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake peke yake. Kimo cha sentimita 20 kutoka mafuta yaliyo tangini hadi kabureta hutoa kanieneo sawa na ile ya maji yenye kina cha sentimita 15 tu. Pampu ya gari linalonyunyizia petroli kwa nozeli yaweza kutoa kanieneo ya safu ya maji yenye kimo cha mita 30, yaani mara 200. Chujio la karatasi nzito lililokusudiwa gari la namna hiyo likifungwa katika pikipiki, huleta ugonjwa uleule uliotakiwa kuponywa. Litafutwe chujio dogo la mfumo usio na pampu, lenye wavu au karatasi nyepesi, na mwili wa plastiki angavu ili uchafu uonekane.

Kazi ifanyike nje ya nyumba, injini ikiwa baridi, mbali na jiko na sigara. Koki ifungwe, mpira ukatwe mahali palipo wima, na chujio litiwe huku mshale wake ukielekea kwenye kabureta. Mpira wote ushuke moja kwa moja. Ukipinda kwenda juu kabla ya kushuka, hewa hunaswa kwenye kilele cha pindo na kuzuia mafuta. Chujio lisiguse silinda wala bomba la moshi, na kila ncha ifungwe kwa kibanio. Dereva asishtuke aonapo chujio limejaa nusu. Mafuta yakipita vya kutosha, hewa iliyobaki humo haidhuru.

Je, yanapita vya kutosha? Mpira uchomolewe kwenye kabureta, uelekezwe katika chupa safi, na koki ifunguliwe kwa dakika moja kamili. Injini ya sentimita za ujazo 125 ikivuta kwa nguvu zake zote hutumia karibu sentimita za ujazo 55 kwa dakika. Chupa ikipata 150 au zaidi, chujio linafaa. Ikipata chini ya hapo, jaribio lirudiwe bila chujio: kiasi kikibaki kilekile, kizuizi kimo katika koki au katika tundu la hewa la kifuniko cha tangi.

Kuna mambo mawili ambayo chujio haliwezi. Haliwezi kutenganisha mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, kwa sababu vimiminika hivyo huyeyukiana. Ndiyo sababu EWURA ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili udanganyifu ugunduliwe kwa vipimo. Wala haliponyi tangi lililooza. Chujio jipya likigeuka rangi ya kahawia katika siku chache, tangi lishushwe, petroli yote itolewe, lisukwe kwa kokoto ndogo na maji ya sabuni, lilazwe na siki usiku kucha, lisuuzwe kwa maji yenye magadi, kisha likaushwe kabisa na kupakwa oili nyepesi kwa ndani kabla ya kujazwa tena.