BETRI YA LITHIAMU: JUA ILIYOMO NDANI KABLA YA KUNUNUA

Mkulima wa skimu atakaye taa za umeme wa jua hutumia fedha nyingi kununua betri. Yafaa ajue betri hiyo imetengenezwa kwa nini, maana betri za lithiamu si zote sawa.

Kila betri ya namna hii ina pande mbili. Inapotiwa chaji, lithiamu hutoka upande mmoja na kuingia katika kaboni iliyo upande wa pili. Taa inapowaka, hurudi. Ni kama ng'ombe wanaotoka zizini asubuhi na kurudi jioni. Zizi likiwa bovu, hasara haikosi.

Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, huko Oxford, Uingereza, walitengeneza zizi la kobalti. Betri za namna hiyo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1991. Ni nyepesi, lakini kobalti ni ghali, tena ikipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni inayochochea moto.

Katika miaka ya 1990 Goodenough, akiwa Texas, Marekani, alionyesha na wenzake zizi jingine, la chuma na fosfati. Fosfati huishika oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo betri hii haishiki moto upesi. Ila yake ilikuwa moja: umeme ulipita ndani polepole. Mafundi waliondoa ila hiyo kwa kuufanya unga wake laini sana na kuupaka kaboni.

Betri ya chuma ni nzito kuliko ya kobalti, lakini betri ya nyumbani haibebwi kila siku. Iliyo njema huweza kutiwa chaji mara 2,000 na zaidi.

Basi mkulima ashike haya:

1. Tafuta herufi LFP au LiFePO4 juu ya betri.

2. Tumia kifaa cha chaji kilichopangwa kwa betri hiyo, si kile cha betri ya gari.

3. Iweke penye kivuli na hewa, mbali na bati lenye joto.

4. Penye baridi kali, kama Kinangop, usiitie chaji asubuhi ya sakitu mpaka ipate joto. Ikiganda, lithiamu hutanda juu ya kaboni badala ya kuingia ndani, na betri huharibika.

5. Ikivimba, usiitoboe wala usiitupe motoni.

Bei yake ni kubwa siku ya kununua. Mkulima mwenye hesabu huigawa bei hiyo kwa miaka atakayoitumia.