Mbegu ya Mwarobaini: Kutenga na Kupima Kiambato Chake

Mwarobaini umepata jina lake kutokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Jina hilo ni sifa, si uthibitisho. Uthibitisho huanza pale mtaalamu anapouliza: ndani ya mbegu, ni kitu gani kinachofanya kazi, na kazi hiyo ni ipi?

Mwaka 1959, Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona nchini Sudani kwamba nzige waliharibu mimea mingine lakini waliiacha miarobaini. Mwaka 1968, Butterworth na Morgan nchini Uingereza walitenga kutoka katika mbegu zake kiambato kiitwacho azadiraktini.

Kazi ya namna hii hufuata hatua. Mbegu hukaushwa na kusagwa. Mafuta huondolewa kwa kiyeyusho kama heksani, kisha unga uliobaki hulowekwa katika alkoholi ili viambato vingine viyeyuke. Kioevu kinachopatikana hugawanywa katika mafungu kwa kromatografia, na kila fungu hupimwa. Kwa azadiraktini, kipimo kilikuwa nzige wa jangwani: fungu lililomfanya akatae chakula ndilo lililoendelea kusafishwa, mpaka kikabaki kiambato kimoja. Muundo wake ulithibitishwa katika miaka ya 1980.

Matokeo hayo yathibitisha jambo moja tu: azadiraktini humzuia mdudu kula na huvuruga ukuaji wake. Hayathibitishi kwamba mafuta ya mbegu hizo humponya binadamu. Mafuta ni mchanganyiko wa viambato vingi, na kiasi chake hutofautiana kati ya chupa na chupa. Taarifa za kitabibu kutoka Malaysia na India zimeeleza watoto wachanga na wadogo waliotapika, wakasinzia kupita kiasi na kupatwa na degedege baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Baadhi yao walifariki.

Kwa hiyo, mtoto asinyweshwe mafuta ya mwarobaini. Akiwa ameyanywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, wala asilazimishwe kutapika. Mhudumu wa afya naye, apokeapo mtoto mwenye degedege, aulize kwa upole kuhusu dawa za asili, kwani mzazi anayeogopa kukaripiwa huficha habari iwezayo kumwokoa mwanawe.