Gari la Magurudumu Manne Katika Theluji ya Alpi

Swali: Je, anayesafiri Januari kutoka Munich hadi Verona kupitia njia ya mlimani ya Brenner, kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, bado anahitaji matairi ya baridi na minyororo?

Jibu: Anahitaji. Mfumo huo hugawa nguvu ya injini ili gari liondoke na kupanda bila kuteleza, lakini hausaidii kulisimamisha, kwa kuwa gari lolote hufunga breki kwa magurudumu manne, na hapo ndipo madereva wengi hujidanganya. Tairi la baridi, yaani lenye mpira usiokakamaa kwenye ubaridi, hutambuliwa kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, ambao tangu Oktoba 2024 ndio pekee unaokubaliwa Ujerumani barabara inapokuwa na theluji au barafu. Austria, katika hali hiyohiyo, hudai matairi ya baridi kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, yenye mifereji ya kina kisichopungua milimita 4.

Palipo na kibao cha buluu chenye mchoro wa tairi lililovikwa mnyororo, minyororo ni lazima hata kwa gari hilo, isipokuwa kibao cha ziada kikiliruhusu kupita bila minyororo. Magurudumu ya kufungwa minyororo hutajwa na kitabu cha gari, na ufungaji hujifunzwa nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Kama gari ni la dizeli, mafuta nayo yaangaliwe: kwenye baridi kali, dizeli ya kiangazi hutoa nta inayoziba chujio, hivyo ni afadhali tangi lijazwe dizeli ya baridi kabla ya kulala milimani.