Shule ya Watoto Wadogo: Funzo la Kisauni kwa Wakulima wa Skimu

Na Karani wa Kilimo

SOMO LA MWEZI HUU

Tuseme mzee mmoja ana shamba la ekari 12 katika skimu, naye ana watoto sita. Siku ya kurithi ikifika, kila mtoto atapata ekari 2. Watoto hao nao wakizaa wanne wanne, kila mjukuu atapata nusu ekari. Nusu ekari ni mahali pa nyumba, minazi michache na kitalu cha mchicha. Haiwezi kulisha watu mwaka mzima, seuze kulipa deni.

Hesabu hii haina hila, na kila mkulima aweza kuifanya kwa shamba lake mwenyewe. Shamba haliongezeki. Lakini iko mali moja ambayo mzazi aweza kuwagawia watoto sita, na kila mmoja akapata yote pasipo kumpunguzia mwenziwe. Mali hiyo ni elimu. Basi mwezi huu tutaacha kidogo habari za mbolea na dawa za wadudu, tutazame jinsi watu wa Mombasa bara walivyopanda mali hiyo, na lipi tuwezalo kulichukua kwao.

1. SHIDA ILIVYOKUWA

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona jambo lililowasikitisha. Watoto wao walikwenda chuoni kusoma Kurani, na hilo lilikuwa jema. Lakini walipofika darasa la kwanza walikuta wenzao wamekwisha kupita shule ya chekechea, wanajua kushika kalamu, kuhesabu na kujibu swali la mwalimu. Mtoto akianza nyuma, mara nyingi hubaki nyuma. Akirudia darasa huona haya, na akiona haya huacha shule. Akiacha shule, kazi inayomngoja ni kusukuma mkokoteni soko la Kongowea au kubeba mizigo kivukoni Likoni.

Wazee hawakutaka watoto waache chuo, wala hawakutaka wakose shule. Wakapeleka haja yao kwa Aga Khan wa Nne, wakaomba msaada. Katika maombi hayo ndipo ulipozaliwa mradi wa shule za chekechea za madrasa, chini ya Shirika la Aga Khan.

2. YALIYOTENDEKA KISAUNI

Kazi ya kwanza alipewa mwalimu mwanamke wa hapa hapa pwani, Bibi Swafiya Said. Hakuanza kwa kujenga. Alianza kwa kwenda kwa watu, akazungumza na maimamu, walimu wa chuoni, akina baba na akina mama. Mwaka 1986 shule ya kwanza ikafunguliwa Kisauni. Watoto walisoma dini yao, na papo hapo walijifunza yale yatakayowafaa darasa la kwanza. Watoto wa dini nyingine nao walikaribishwa.

Habari zilienea. Mwaka 1990 mradi ulivuka bahari ukaingia Unguja, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Hatimaye shule zilizosaidiwa katika nchi hizo tatu zilipita 200.

Tazameni sana utaratibu wao, kwa maana hapo ndipo penye funzo. Mradi haukumjengea mtu shule na kumkabidhi ufunguo. Jamaa ya mahali ilitakiwa kwanza ichague kamati, itoe mahali pa kusomea, na itafute akina mama wa pale pale watakaofundisha. Kisha pande mbili ziliandikiana mapatano. Mradi uliwafundisha walimu, ukaifundisha kamati kazi ya uongozi na hesabu, na watu wake wakawa wanatembelea shule mara kwa mara. Msaada huo ulikuwa na mwisho. Baada ya miaka miwili hivi, shule iliyotimiza masharti ilihesabiwa kuwa imehitimu, ikasimama kwa miguu yake.

Mkulima ataelewa jambo hili upesi. Mche hukaa kitaluni kwa muda, hutiwa maji na kufunikwa kivuli. Lakini usipoondolewa kitaluni hauzai.

3. WATOTO HUJIFUNZA NINI?

Wazazi wengi huuliza, "Mtoto wa miaka minne anacheza tu. Mimi nilipie mchezo?" Swali hili lina haki ya kujibiwa.

Mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake. Katika shule hizi vifaa havikununuliwa dukani kwa bei kubwa, bali vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu vya nazi, makuti, mbegu, kombe za pwani na vizibo vya chupa. Mtoto akipanga vizibo kwa rangi, anajifunza kutenganisha. Akipanga vifuu kutoka kidogo hadi kikubwa, anajifunza kipimo. Akihesabu mbegu kumi na kuondoa tatu, amekwisha kuanza hesabu za kutoa, ingawa hajaijua alama yake.

Njia yao ina hatua tatu. Kwanza mtoto husema atafanya nini. Pili hufanya. Tatu huwasimulia wenzake alivyofanya. Mwalimu hamwambii jibu, bali humwuliza, "Kwa nini kilianguka? Ukiweka kikubwa chini itakuwaje?" Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo haogopi kusema darasani.

Njia hii ilitoka Marekani, ikageuzwa kwa hekima ifae watu wa pwani.

4. JE, FAIDA IMEONEKANA?

Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, walimu walianza jaribio mwaka 1962. Walichukua watoto 123 wa jamaa maskini. Wengine waliwekwa katika shule ya watoto wadogo, wengine hawakuwekwa. Kisha waliwafuata hata ukubwani. Walipofika umri wa miaka 40, wale waliosoma chekechea, kwa wastani, walikuwa na mapato makubwa zaidi. Wengi zaidi wao walikuwa wamemaliza sekondari, na wachache zaidi walikuwa wamekamatwa na polisi.

Na hapa kwetu? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani katika mitihani ya akili, na wale wa shule za madrasa wakaendelea zaidi kuliko wote.

Iko na faida nyingine isiyoandikwa katika mitihani. Katika nyumba nyingi, mama akienda shambani, msichana mkubwa huachwa nyumbani kumtunza mdogo wake. Mdogo akipata mahali pa kukaa asubuhi, yule dada naye hupata kwenda darasani. Shule ndogo moja imeokoa watoto wawili.

5. MAMBO YA FEDHA

Tangu mwaka 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Chekechea ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kabla ya kuchanga hata shilingi moja, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti mkaulize kama kuna chekechea ya serikali karibu, au kama imekusudiwa kujengwa. Ikiwapo, wapelekeni watoto huko, na nguvu zenu ziende kwenye uji na vifaa. Ikiwa mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka minne, hapo ndipo pa kujitegemea.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Nyumba 60 za skimu zakubaliana kutoa nazi 20 kila mara nazi zinapoanguliwa, yaani kila baada ya miezi mitatu.

Nazi 20 mara nyumba 60 ni nazi 1,200.
Zikiuzwa shilingi 20 kila moja, ni shilingi 24,000.
Mara nne kwa mwaka, ni shilingi 96,000.
Kwa mwezi, ni shilingi 8,000.

Wakiwapo watoto 30, na kila mmoja akilipiwa shilingi 300 kwa mwezi, ni shilingi 9,000. Jumla ni shilingi 17,000 kwa mwezi. Fedha hizi si nyingi, wala hazitoshi mwalimu wawili. Lakini zaweza kuanzisha mazungumzo na mwalimu mmoja, akisaidiwa na akina mama kwa zamu. Uji usihesabiwe katika fedha hizo. Kila nyumba itoe mahindi au mihogo ya unga kutoka ghalani.

Shule za madrasa ziliongeza jambo jingine la busara. Jamaa iliweka akiba, mradi ukaongeza juu yake, fedha zikawekezwa pamoja na za shule nyingine, na faida ikarudi shuleni. Mtaji wenyewe haukuliwa. Ni kama mnazi: kula nazi, usiukate mti. Lakini jueni kwamba faida ya namna hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo mchango wa wazazi usikome.

6. HATUA ZA KUFUATA

(a) Iteni baraza. Wahesabuni watoto wa miaka minne na mitano, nyumba kwa nyumba, na kuandika majina.

(b) Chagueni kamati, na akina mama wasiwe wageni ndani yake. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti.

(c) Andikisheni kikundi. Sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii yataka watu wasiopungua 10. Mwoneni ofisa wa maendeleo ya jamii.

(d) Shule yenyewe ni lazima iandikishwe na wakuu wa elimu, na mwalimu awe amesajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Kama msichana wa skimu ana akili na upole lakini hana cheti, mpelekeni akasomee.

(e) Anzeni na chumba kilichopo, cha msikiti, cha kanisa au cha chama cha ushirika. Kiwe na hewa, maji safi na choo kinachomfaa mtoto mdogo.

(f) Wekeni daftari la mapato na matumizi, na kulisoma mbele ya wazazi kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi havifi kwa kukosa fedha, hufa kwa kutiliana shaka.

(g) Nyumba isiyoweza kulipa isifukuzwe. Ipewe kazi badala yake: kuteka maji, kupika uji, kusuka makuti ya paa. Mtoto wa maskini kuliko wote ndiye shule iliyemkusudia, na akifungiwa mlango kazi yote imepotea.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Skimu yetu ina watoto wangapi wa miaka minne na mitano? Wangapi hawasomi?
2. Chekechea ya kaunti iliyo karibu iko umbali gani?
3. Ni wasichana wangapi wamekosa shule mwaka huu kwa kulea wadogo zao?
4. Kila nyumba yaweza kutoa nini pasipo kuumia: nazi, mahindi, kazi au fedha?
5. Ni nani kati yetu tunayemwamini na daftari?

Mkoko haukosi kualika maua, lakini mtoto hangoji. Aliye na miaka minne leo atakuwa darasa la kwanza baada ya miaka miwili tu, tayari au si tayari. Samaki mkunje angali mbichi. Basi jibuni swali la kwanza kabla ya mvua za masika kuanza, kwa maana mvua zikianza kila mtu atakuwa na jembe lake mkononi, na baraza halitaitwa tena mpaka baada ya mavuno.